Mkunga na Mzalisha: Habari za Majina Mawili katika Njia ya Tabora

Mwalimu afundishaye Kiswahili katika nchi ya Unyamwezi hukutana na majina mawili kwa kazi moja. Mwanamke amsaidiaye mwenziwe wakati wa kujifungua huitwa mkunga, tena huitwa mzalisha. Wanafunzi huuliza, Je, lililo sahihi ni lipi? Jibu jepesi ni kwamba yote mawili ni sahihi. Lakini jibu hilo halitoshi, kwa maana kila jina laitazama kazi hii kwa upande wake, na habari ya majina haya yatuonyesha jambo la kale juu ya wanawake wa njia ya misafara, ambalo lafaa kukumbukwa hata leo.

I. Sarufi ya majina haya

Tuanze na mzalisha, kwa kuwa asili yake ni wazi. Kitenzi ni zaa, wala hatuoni herufi L ndani yake. Lakini mara kinyambuliwapo, L hujitokeza: zaa, zalia, zaliwa, zalisha. Ndivyo ilivyo pia katika twaa na twaliwa, vaa na valia. L hii haikuongezwa ili kupamba matamshi. Ilikuwamo tangu zamani, nasi watu wa Kiswahili tumeipoteza katika shina na kuihifadhi katika matawi. Wanyamwezi na Wasukuma hawakuipoteza. Kwao kuzaa ni kubyala, na L husikika waziwazi. Kwa hiyo mtu wa Unyanyembe alipomsikia mtu wa pwani akisema zalisha, neno hilo halikuwa geni kabisa masikioni mwake.

Katika shina hilohilo latoka jina mzazi. Z ya pili ni ileile L ya kale iliyokutana na I ya mwisho, kama tuonavyo katika nunua na mnunuzi, angalia na mwangalizi, simamia na msimamizi. Wasukuma nao husema babyaji, yaani wazazi. Pwani neno mzazi lina maana mbili: ni baba au mama, tena ni mwanamke aliyejifungua siku hizihizi. Basi mzazi ndiye atendaye, na mzalisha ndiye amtendeshaye. Kiambishi -sha chamfanya msaidizi kuwa mwenye tendo, na mama huwa mtendewa: mama amezalishwa.

Jambo la pili la kuangaliwa katika mzalisha ni mwisho wake. Majina ya watu yaishiayo kwa A, yaliyotokana na vitenzi, kwa kawaida hutaka neno la kuyafuata: mpiga ngoma, mla watu, mfanya biashara. Bibi Ashton alilieleza jambo hili katika kitabu chake cha sarufi cha mwaka 1944. Mzalisha husimama peke yake bila mfuasi, na kwa sababu hiyo sikio la msemaji halitulii. Ndipo wengi wakaongeza -ji, wakasema mzalishaji. Neno hilo tutalirudia baadaye, maana limepata kazi nyingine.

Mkunga ni jina la namna nyingine. Liko katika ngeli ya M-WA: mkunga amekuja, wakunga wamekuja; na kazi yake ni ukunga, katika ngeli ya U, isiyo na wingi. (Yuko pia samaki wa baharini aitwaye mkunga, mrefu kama nyoka, lakini huyo hana undugu na habari yetu.) Kando ya jina hili, watu wa pwani huweka maneno mengine mawili. La kwanza ni kunga, yaani siri, au maarifa ya ndani yasiyotolewa kwa kila mtu. La pili ni kungwi, yaani mwanamke awafundishaye wasichana mambo ya utu uzima, na wingi wake ni makungwi. Mwenye kusikia Kiswahili tangu utotoni huyasikia maneno haya matatu kama jamaa wa nyumba moja. Mkunga, kwa masikio yake, ni mwanamke mwenye kunga: ajua kitu, na katika kile akijuacho kiko ambacho hatakisema barabarani.

Tazama sasa neno la tatu, lililo la mama mwenyewe. Twasema amejifungua. Hapo kuna funga, ikageuzwa kuwa fungua, ikapewa ji- ya kujirudia. Mama ndiye afunguaye, na mama ndiye afunguliwaye. Hakuna mtu wa pili katika neno. Basi lugha yetu yaeleza tendo moja kwa njia tatu. Katika kujifungua, kazi ni ya mama. Katika kuzalisha, kazi ni ya msaidizi. Katika ukunga, jina halisemi tendo ni la nani. Lasema tu kwamba yuko mtu aaminiwaye.

II. Njia ya misafara

Majina haya yalifikaje bara? Kiswahili kilipanda kutoka pwani kwa miguu ya watu. Njia kuu ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo na pori la Mgunda Mkali, ikafika Unyanyembe, mahali wafanyabiashara walipopaita Kazeh na ambapo baadaye palijulikana kama Tabora. Kutoka hapo tawi moja lilikwenda Ujiji, penye ziwa Tanganyika. Burton na Speke walitoka pwani mwezi wa Juni mwaka 1857, wakaingia Kazeh tarehe 7 Novemba mwaka huohuo. Ni safari ya zaidi ya miezi minne, ingawa misafara mingine ilikwenda upesi kuliko hiyo.

Wengi wakumbukapo misafara huwaona wanaume tu: kirangozi mbele na bendera, wapagazi na pembe za ndovu mabegani, na mwenye mali nyuma. Lakini Wanyamwezi hawakusafiri hivyo siku zote. Wapagazi wengi walifuatana na wake zao, na wengine na watoto. Wanawake walichukua vyungu na vyakula, walitafuta maji na kuni, walipika kambini. Walikuwako pia wanawake wasiosafiri kwa hiari yao, waliotekwa Manyema na nchi nyingine za magharibi, wakapelekwa utumwani Ujiji, Tabora, au hata pwani. Safari ya miezi mingi ni ndefu kuliko subira ya mimba. Watoto walizaliwa njiani, na mahali walipozaliwa hapakuwa na mama wa mja mzito, wala shangazi, wala bibi wa ukoo.

Hapa ndipo tuone uzito wa jambo. Kijijini mwanamke alijua tangu mwanzo ni nani atakayemshika mgongo. Alikuwa mtu wa ukoo wake au jirani wa siku nyingi, naye alijulikana kwa watoto aliowapokea. Njiani ujirani huo ulikatika. Mwanamke wa Kinyamwezi alijifungua mikononi mwa mwanamke wa Kizaramo, au Mmanyema mikononi mwa Mnyamwezi, na huenda hawakuwa na maneno ya kuzungumza isipokuwa yale machache ya Kiswahili cha kambini. Kiswahili cha njia kilikuwa na maneno mengi ya mizigo, posho, hongo, na vita. Kazi ya wanawake usiku katika kibanda cha majani ilitaka maneno ya aina nyingine.

Tena mwishoni mwa njia palikuwa na mji. Tabora ilikuwa mahali pa kukaa, si pa kupita tu. Waarabu na watu wa pwani walijenga tembe kubwa, wakakaa na wake, masuria na watumwa, wakazaa watoto ambao lugha yao ya kwanza ilikuwa Kiswahili. Nyumba za namna hiyo zilihitaji maneno ya arusi, ya uzazi, na ya maziko, nazo ziliyapata kutoka pwani. Desturi hizo za pwani tunazijua vizuri kwa sababu mtu wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, aliziandika kwa Kiswahili, na Carl Velten akazitoa katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli mwaka 1903. Humo habari za mimba na kuzaa zimepewa mahali pake pamoja na habari kubwa za maisha. Bagamoyo ndio mlango wa njia yetu, na yaliyokuwa desturi mlangoni hayakukosa kuonekana ndani.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914, na misafara ya miguu ikaisha. Watu waliacha kubeba pembe; maneno yaliyopanda pamoja nao yakabaki.

III. Ushuhuda wa mkunga katika majina ya watoto

Wanyamwezi na Wasukuma wana desturi inayoonyesha kazi ya mkunga kuliko maelezo marefu. Majina mengi ya watoto hutoka katika hali ya kuzaliwa kwao. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, na mtoto awafuataye pacha ni Shija. Mtoto aliyetanguliza miguu badala ya kichwa ni Kashindye, na Wasukuma humwita Kashinje. Kabula ni mtoto wa kike aliyezaliwa wakati wa mvua, maana mvua ni mbula.

Msomaji na ajiulize, Ni nani ajuaye yupi alitoka kwanza kati ya Kulwa na Doto? Baba hakuwako. Mama alikuwa katika uchungu. Mwenye kujua ni mkunga peke yake, na neno lake likaaminiwa na ukoo wote, na mtoto akalichukua mpaka kaburini. Vivyo hivyo Kashindye: jina hili latangaza kwamba kuzaliwa kwake kulikuwa kwa hatari, na kwamba palikuwa na mikono iliyojua la kufanya. Leo majina ya Kulwa na Doto yameenea Tanzania nzima, hata kwa watu wasiojua neno jingine la Kisukuma. Kila aitwapo mmoja wao, ushuhuda wa mkunga mmoja wa kale warudiwa tena.

Katika mambo hayohayo twaona pia maana ya kunga. Mkunga alisema yale ya kusemwa, yaani mtoto yupi alitangulia. Aliyoyaona zaidi ya hayo, katika mwili wa mama na katika kilio chake, hakuyasema.

IV. Majina ya mataifa mengine

Si sisi tu tulio na shida ya kuichagulia kazi hii jina. Waingereza husema midwife: katika Kiingereza cha kale mid ni pamoja na, na wif ni mwanamke, basi ni yeye aliye pamoja na mwanamke. Warumi walisema obstetrix, yaani mwanamke asimamaye mbele. Wafaransa husema sage-femme, mwanamke mwenye hekima, na hao ndio walio karibu na mkunga wetu.

Jina la watu wa Ayalandi lafaa kuangaliwa zaidi, kwa sarufi yake. Katika lugha yao ya kale mkunga ni bean ghlúine, yaani mwanamke wa goti. Aliyemwona mkunga wa kijiji kazini hahitaji kuelezwa goti latoka wapi. Goti kwao ni glúin. Lakini kwa kuwa bean, mwanamke, ni jina la jinsia ya kike, neno limfuatalo hulainishwa herufi yake ya kwanza, na G huwa GH. Wakiwa wengi, bean hugeuka kuwa mná, na ule ulaini waondoka: mná glúine. Mwanafunzi wa Ulaya hushangaa kuona neno likibadilika kichwani badala ya mkiani. Mwanafunzi wa Kibantu hashangai sana, maana kwetu mkunga na wakunga hubadilika kichwani vilevile, na maneno yafuatayo hufuata mabadiliko hayo.

Na watu wa Ayalandi hawako mbali na habari yetu. Mpaka miaka ya 1930, masista wa Kanisa Katoliki walizuiwa na sheria na desturi ya Kanisa wasishike kazi ya kuzalisha. Walifunga vidonda, walitoa dawa, walilea yatima. Chumba cha uzazi hakikuwa chao. Tarehe 11 Februari 1936 Roma ilitoa maagizo ya kuruhusu kazi hiyo katika nchi za misheni. Mwaka uliofuata, 1937, Mary Martin wa Ayalandi aliweka nadhiri zake huko Nigeria, na shirika lake la Masista Waganga Wamisionari wa Maria likaanza. Baadaye masista hao walifika Tanganyika, na hospitali ya Makiungu katika nchi ya Singida ni matunda ya kazi yao.

Tarehe hizo zatueleza jambo moja. Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878. Toka mwaka huo mpaka 1936 ni karibu miaka 60, na katika muda huo wote watawa wa kike wa misheni za Kikatoliki hawakuwa na ruhusa ya kumzalisha mtu. Mama wa Kikristo alijifungua mikononi mwa mkunga yuleyule wa jirani yake asiye Mkristo. Hata ubatizo wa mtoto aliye katika hatari ya kufa ulitegemea mwanamke huyo apeleke habari upesi. Basi si ajabu kwamba jina lake halikufutika.

V. Shifra na Pua

Wasomaji wetu wengi hukutana na kazi hii kwa mara ya kwanza katika kitabu cha Kutoka, sura ya kwanza, wanaposimuliwa Shifra na Pua. Biblia ya Kiswahili ya Union Version, iliyotolewa mwaka 1952, yawaita wazalisha. Waliotafsiri walikuwa na sababu njema. Neno la Kiebrania ni meyalledet, nalo limefanyizwa na kitenzi cha kuzaa, yalad, kilichotiwa katika umbo la kutendesha. Ni mzalisha kabisa, kiungo kwa kiungo.

Lakini tuisome hadithi yenyewe. Farao aliwaagiza wanawake hao wawaue watoto wa kiume wakati wa kuzaliwa. Aliwaagiza hao, si askari, kwa sababu alijua kwamba wao tu ndio waingiao pale ambapo macho ya mfalme hayaingii. Wao wakamcha Mungu, wakawaacha watoto hai. Walipoitwa na kuulizwa, hawakuutoa ukweli wa nyumba za Waebrania mbele ya mfalme. Basi kwa sarufi wao ni wazalisha, na kwa matendo yao ni wakunga. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi majina yote mawili katika somo hilo, watalielewa kuliko akitumia moja.

VI. Majina haya leo

Katika miaka iliyofuata, maneno yameachana njia. Mzalishaji amekwenda kiwandani na shambani: leo twasikia wazalishaji wa saruji, wa pamba, na wa asali, na uzalishaji mali. Chumba cha uzazi kimebakiwa na mkunga, hata katika sheria. Sheria ya mwaka 2010 ya Tanzania ni ya uuguzi na ukunga, na Baraza la Uuguzi na Ukunga ndilo liwaandikishao wenye kazi hiyo. Neno la kibanda cha majani limeingia katika sheria ya nchi.

Hapo pana swali gumu. Kunga ni siri. Lakini ukunga wa leo hufundishwa darasani, huandikwa katika vitabu, na hutahiniwa. Je, jina halijapoteza maana yake? Nadhani twapaswa kutofautisha kunga mbili. Moja ni kunga ya kazi: jinsi ya kumgeuza mtoto, jinsi ya kuzuia damu. Zamani hiyo ilifichwa, na mwenyewe alipokufa ilizikwa naye. Na mambo mengine hakuyajua kabisa, na akina mama walikufa mikononi mwake kwa damu ambayo hakuwa na dawa ya kuizuia. Kunga hiyo ilistahili kufunguliwa, na kufunguliwa kwake ni rehema. Hesabu za nchi zilizokusanywa mwaka 2015 na 2016 zilionyesha vifo 556 vya akina mama kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Zile za mwaka 2022 zilionyesha 104. Katika muda huohuo watoto waliozaliwa katika hospitali na vituo vya afya walizidi kutoka 63 katika kila mia mpaka 81.

Kunga ya pili ni ya mama mwenyewe: mwili wake, hofu yake, maneno aliyoyasema katika uchungu. Hiyo haikuwa mali ya mkunga hata aweze kuifungua. Mwanamke aliyetukanwa kitandani, au aliyesikia habari zake sokoni, mara ya pili hubaki nyumbani, na huenda mara hiyo ya pili ndiyo ya hatari. Mtu awezaye kumzalisha lakini asiweze kumhifadhia siri ana nusu ya jina.

Wazee wana methali: Usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Walimu na waitumie kwa sarufi pia. Katika ungalipo, U ni ya uzazi. -Ngali- yaonyesha jambo linaloendelea bado, kama katika angali mgonjwa, wala si -ngali- ya masharti. Na -po ni ya mahali au wakati. Uzazi bado upo, basi msaada utatakiwa tena. Methali hii huelekezwa kwa kila mtu adharauye msaada aliokwisha kuupata, na hospitali yenye kuwadharau wakunga wa vijijini yaweza kuisikiliza sawasawa na kijiji chenye kuidharau hospitali.

Wazee wa kike waliopokea watoto katika vijiji vya Unyamwezi kabla ya zahanati kuenea wanapungua kila mwaka. Ingefaa kila mwalimu aliye karibu nao awatume wanafunzi wa kike, kwa adabu na kwa ruhusa, wakaulize majina ya vitu vya kazi hiyo katika Kinyamwezi: jina la kitovu, la kondo, la kamba ya kufungia, la mtoto aliyetanguliza miguu na la yule aliyezaliwa safarini. Wayaandike pamoja na ngeli zake, umoja na wingi. Na mzee akisema kwamba jambo fulani haliandikwi, waliache bila kuandikwa.